Nani kafuta mwanzo wa Mother India?

Haya, nimerudi. Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kazi au kazi imeniacha. Hapana jamani. Nilikuwa Unguja kwa bibi. Presha ya macho imemmaliza jicho la pili, sasa haoni kabisa, na sisi wajukuu tunapokezana kukaa naye. Zamu yangu ilikuwa wiki mbili, ikawa tatu na siku zake.

Leo siandiki siasa. Nataka kuandika juu ya vile vipicha vinavyotokea mwanzoni mwa filamu za Kihindi kabla filamu yenyewe haijaanza, yaani nembo za kampuni zilizotengeneza. Najua wengine mshaanza kucheka. Mhariri wangu naye alicheka. Nilipompelekea wazo hili alinitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana, nembo si habari. Niletee aliyeiba nembo, hapo tutazungumza."

Sikumjibu kitu. Lakini ukweli ni kwamba aliyeiba namjua. Namjua tangu mwaka 2003, na nimemficha muda wote huu. Nitamtaja, ila ngojeni kwanza nieleze kilichoibwa, maana bila hivyo mtaona ni jambo dogo.

Bibi yangu hasemi nembo. Yeye anasema mlango. Kila picha ina mlango wake, na picha isiyo na mlango kwake ni kama mgeni aliyejitokeza ukumbini bila kupiga hodi. Alizaliwa mwaka 1944, na utoto wake aliumalizia ndani ya Majestic pale Vuga, jengo lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya lile la kwanza kuungua. Wazee wa Unguja wanalijua vizuri. Vijana wanalijua kama gofu lisilo na paa. Enzi zile kulikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, na mama yake bibi alikuwa hakosi. Wanavaa buibui, wanachukua bisi na watoto, wanatoka mapema. Mapema kweli kweli, kwa sababu kufika baada ya mlango ilikuwa ni aibu. "Ukichelewa mlango," bibi anasema, "unakaa saa tatu hujui uko kwa nani."

Kauli hiyo niliisikia utotoni nikaona ni maneno ya wazee tu. Nilipokaa naye safari hii ndipo nikaielewa. Bibi hajui Kihindi. Kiingereza hakujifunza. Majina ya waigizaji yalipita haraka, kwa hati tatu mara nyingi: ya Kiingereza, ya Kihindi na ya Kiurdu. Hiyo ya Kiurdu aliweza kuibabia kidogo kwa sababu ya chuo, herufi ni zile zile za msahafu na nyongeza chache. Lakini picha ya mlango haikuhitaji chuo wala skuli. Ukiona fidla unajua uko kwa Raj Kapoor, jitayarishe kulia kwa mapenzi. Ukiona watoto wawili mapacha wanapuliza matarumbeta uko kwa Gemini wa Madras, jitayarishe kuona ngoma kubwa na watu wengi, maana ndio waliotengeneza Chandralekha ya mwaka 1948. Ukiona ua la yungiyungi na mwanamke ndani yake uko kwa Shantaram. Kwa hiyo vile vipicha ndivyo vilivyokuwa kusoma kwake. Watu wengi wa pwani yetu walichagua picha ya kwenda kuitazama kwa njia hiyo hiyo, bila kusoma hata neno moja.

Hilo la yungiyungi nililifuatilia kidogo, maana kazi ni kazi hata ukiwa likizo. Kampuni inaitwa Rajkamal Kalamandir, ilianzishwa na V. Shantaram mwaka 1942. Kamal kwa Kihindi ndilo yungiyungi, sawa, lakini jina limetoka pia kwa wazazi wake, Rajaram na Kamala. Kabla ya hapo Shantaram alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Prabhat, kampuni iliyoanza Kolhapur mwaka 1929 na kuhamia Pune. Nembo ya Prabhat ilikuwa mwanamke anayepuliza baragumu refu lililopinda. Prabhat maana yake alfajiri, kwa hiyo baragumu linapigwa kuamsha watu. Bibi hakuiwahi, ila mama yake aliwahi, na alikuwa akiiita "Mwenye Siwa". Hebu fikirieni, siwa! Mtu wa Unguja anatazama filamu ya Pune na anaona chombo cha wafalme wa Lamu na Pate.

Sasa nije kwenye mlango wenyewe uliosababisha yote haya, wa Mehboob.

Mehboob Khan alizaliwa mwaka 1907 huko Gujarat kwenye familia maskini, skuli hakuipata vya kutosha, akaingia Bombay kutafuta maisha kama vijana wetu wanavyoingia Dar. Alianza kwa kuwa mtu wa kujaza watu kwenye picha, wale wanaosimama nyuma bila kusema. Mwaka 1935 akaelekeza filamu yake ya kwanza. Miaka michache baadaye akawa na kampuni yake, na nembo aliyoiweka mlangoni ilikuwa nyundo na mundu pamoja na herufi M. Ndiyo, nyundo na mundu zile zile za Warusi. Mehboob hakuwa mkomunisti. Alikuwa Mwislamu mwenye swala zake, ila alijihesabu mtu wa wafanyakazi na wakulima, akaona alama ile inamtosha. Halafu, na hapa ndipo utamu ulipo, juu ya nyundo na mundu hiyo inasikika sauti ya mwanamme akisoma ubeti wa Kiurdu. Maana yake kwa ufupi ni kwamba adui akikutakia mabaya kiasi gani hayatakufika, litakalokuwa ni lile Mwenyezi Mungu aliloliridhia. Alama ya watu waliosema Mungu hayupo, na juu yake jina la Mungu. Siku hizi ungeitiwa washauri wa masoko watatu wakukataze.

Bibi aliisikia sauti hiyo mara ya kwanza akiwa na miaka kama 14, siku ya Mother India. Hakuelewa ubeti, lakini anasema aliyadaka maneno mawili. La kwanza ni "Khuda", ambalo kila mpenzi wa picha za Kihindi analijua. La pili ni "lakh", akageuka kumuuliza mama yake, "Mama, hao nao wanahesabu laki?" Kumbe laki yetu imetoka huko huko kwao. Na jina Mehboob alilisoma mwenyewe kwa herufi za Kiurdu: Mahbub. Mahabubu! Kwa hiyo msichana wa miaka 14, kwenye kiti cha Majestic, amesoma mahabubu, amesikia laki na amesikia Mungu. Akaona mwenye picha hii ni mtu wa kwao.

Halafu baada ya Mapinduzi ya 1964 wakaja Warusi na Wajerumani Mashariki, na bendera ya Warusi ikaonekana mjini. Bibi alikuwa na miaka 20, ameshaolewa. Babu alikuwa akipenda kusimulia alivyorudi nyumbani siku moja akamkuta mkewe amekasirika: "Hawa Warusi hawana haya, wameichukua alama ya Mehboob." Babu alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo ukimwambia bibi kwamba alama ilianza kwa Warusi anajibu, "Wewe umeona kwenye vitabu. Mie nimeona kwa macho yangu nani kaja kwanza."

Niseme kidogo na R.K., maana kuna kisa pale. Raj Kapoor alianzisha kampuni yake mwaka 1948, akiwa na miaka 23. Mwaka uliofuata akatoa Barsaat, na ndani yake kuna mkao mmoja: amesimama, mkono mmoja una fidla, mkono mwingine umemshika Nargis aliyejiachia kwa nyuma. Mkao ule ukafanywa nembo ya kampuni. Kabla ya nembo, kwenye filamu zake nyingi, anaonekana baba yake, Prithviraj Kapoor, akifanya ibada mbele ya Shiva. Hapo Majestic ilikuwa na kunong'ona. Wapo waliokuwa wakiinamisha uso wakisoma astaghfirullah mpaka ibada iishe. Bibi nilimuuliza yeye alifanyaje. "Mie nilikuwa natazama. Mtu kamtanguliza baba yake na Mungu wake, ubaya uko wapi? Kila mtu na dini yake." Ndivyo alivyosema pia juu ya kampuni ya Rajshri, ambayo mlangoni kwake amekaa Saraswati, mungu wao wa elimu na muziki, amepakata ala ya nyuzi. Bibi anamwita "Bibi wa Zeze".

Lakini kisa chenyewe ni Nargis. Katikati ya miaka ya 50 Nargis aliondoka R.K. Akaenda kwa Mehboob, akacheza Mother India iliyotoka mwaka 1957, na mwaka 1958 akaolewa na Sunil Dutt, yule aliyekuwa mwanawe ndani ya filamu. Huku nyuma nembo ya R.K. haikubadilika. Kila filamu ya Raj Kapoor iliyotoka baada ya hapo, Sangam ya 1964, Bobby ya 1973, mpaka ile ya mwisho aliyoielekeza mwaka 1985, ilifunguliwa kwa mkao ule ule uliotokana na mwanamke aliyekwisha kwenda zake. Nembo ilichorwa upya ikawa mistari tu, usoni humtambui mtu, lakini kila mtu alijua ni nani. Na Bi Krishna, mke wa Raj Kapoor tangu 1946, alikaa na alama hiyo maisha yake yote. Bibi haelewi vipi. "Ningekuwa mimi," akasema, akanyamaza, akaomba maji.

Studio yenyewe ya R.K. pale Chembur iliungua Septemba 2017, nguo za filamu na vitu vingi vikateketea. Mwaka 2019 kiwanja kikauzwa kwa kampuni ya majengo. Fidla imebaki, nyumba yake haipo tena.

Haya. Sasa wizi.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka tisa, naishi kwa bibi. Alikuwa na deki na mikanda kumi na moja iliyopangwa kabatini kama vyombo vya harusi. Wa kwanza kwenye mstari ulikuwa Mother India. Aliununua kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka la mikanda mtaa wa pili, mtu mpole, mwembamba, alikuwa akijua maneno ya picha za Kihindi kuliko Wahindi wenyewe ingawa yeye Mhindi hakuwa. Mtaani tulimwita Mzee wa Mikanda. Unguja mikanda huota ukungu kwa ajili ya unyevu wa bahari, kwa hiyo mara moja kwa mwaka bibi alikuwa akimpelekea aisafishe. Na mwaka huo aliyetumwa kwenda kuichukua baada ya kusafishwa ni mimi.

Siku hiyo jioni kulikuwa na mieleka kwenye televisheni. Rafiki zangu wa madrasa hawakuwa na televisheni na nilikuwa nimewaahidi kuwa nitarekodi. Bibi alikuwa msibani. Mikanda yote kumi na moja iko mezani, na kila mmoja umevunjwa kile kijimeno cha plastiki cha mgongoni ili usirekodiwe juu yake. Lakini binamu yangu mkubwa alikuwa ameshanifundisha dawa yake: unaziba tundu kwa selotepu, deki inadanganyika. Nikaziba. Mkanda wa juu kabisa ndio nilioutia, sikuutazama hata jina. Nikabonyeza. Zikapita kama dakika nne, umeme ukakatika. Nilipoutoa na kusoma karatasi ya ubavuni, magoti yaliniisha nguvu. Nikabandua selotepu, nikaurudisha mahali pake.

Ijumaa baada ya magharibi bibi akakaa na wenzake watatu kutazama Mother India. Wamemwaga kahawa, wametulia, wanasubiri nyundo na mundu. Badala yake wakatokea wanaume wawili wenye chupi wakirushana juu ya kamba. Nawaapia, mmoja wa wale mabibi alifunika uso. Picha ilipoingia tena, Nargis alikuwa tayari mzee, ameinua donge la udongo mbele ya uso wake, matrekta yanapita. Mlango haupo.

Bibi hakuniuliza mimi. Hakuuliza mtu. Alijitanda, akaenda moja kwa moja kwa Mzee wa Mikanda, na mimi nyuma yake. Mbele ya wateja alimwita mwizi, akamwita tapeli, akasema amerekodia upuuzi wake juu ya mkanda wa watu. Yule mzee alisema neno moja tu: "Bi mkubwa, mkanda ulitoka hapa mzima." Halafu akanitazama. Sekunde moja, haikuzidi. Akafungua droo, akatoa shilingi 2,000, ndiyo bei ya mkanda mpya, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi hakukanyaga tena duka lile. Wenzake watatu nao hawakukanyaga. Mtaa mdogo, maneno yanatembea.

Mimi nilikaa kimya. Mwaka wa kwanza kwa hofu, miaka iliyofuata kwa mazoea. Nikaenda skuli, nikaenda chuo, nikawa mwandishi wa habari, nikaandika makala kali juu ya watu wanaokataa kuwajibika. He he he. Chekeni tu.

Sasa safari hii, wiki ya kwanza, bibi kalala kitandani na redio. Akaniita. "Hizo simu zenu zina picha zote za dunia. Hebu nitafutie mlango wa Mehboob. Sitaki picha, macho yenyewe sina. Nataka kumsikia yule bwana."

Nikasema rahisi. Kumbe si rahisi. Mother India iko mtandaoni nakala chungu nzima, filamu ya dakika 172 yote iko bure, lakini mwanzo wake unakatwa. Nakala ya kwanza ilianza na nembo ya kampuni ya usambazaji, inang'aa dhahabu na muziki wa kompyuta, kisha moja kwa moja kwenye majina. Ya pili ilianzia kwenye matrekta. Ya tatu ilikuwa na maandishi ya matangazo yanayotambaa juu na chini, na mlango umekatwa katikati, unasikia nusu ya neno la mwisho la ubeti. Kwa hao wanaopakia, yale ni sekunde za bure tu, mtazamaji asichoke. Hata vyeti vya bodi ya filamu ya India wanavikata, vile vyenye idadi ya rili, ambavyo wajomba zangu walikuwa wakivitumia kujua kama wana muda wa kwenda kununua mishikaki.

Na katika kutafuta nikakutana na jambo lililonituliza kidogo na kunisuta zaidi. Mother India ilikuwa filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kugombea tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, mwaka 1958, ikashindwa na filamu ya Fellini. Nakala iliyopelekwa Marekani ilifupishwa, na nyundo na mundu ikaondolewa. Vita baridi ile, nani angeipeleka Hollywood filamu yenye alama ya Moscow mlangoni? Kwa hiyo sikuwa wa kwanza. Watu wazima wenye suti walifuta mwanzo ule ule kabla yangu kwa miaka 45, wenyewe wakiwa na sababu. Mimi nilikuwa na mieleka.

Nilimwambia bibi habari hiyo ya Oscar nikidhani atafurahi. Akauliza, "Mehboob aliridhia?" Sikuwa na jibu. Mehboob alifariki Mei 1964, siku moja tu baada ya kifo cha Nehru.

Siku ya nne nikaipata. Nakala mbovu, mistari inapita, rangi imefifia, mtu ameihamisha kutoka kwenye mkanda kama ule wetu. Nikaweka simu kifuani kwa bibi. Muziki, halafu ile sauti. Bibi alikuwa akiifuata kwa midomo, matamshi ya kwake mwenyewe ya Majestic. Ilipofika "lakh" akainua kidole. Akataka tena. Tukairudia mara sita au saba. Mwishoni akashusha pumzi, akasema, "Yule mwizi wa mikanda kaninyima hii miaka yote. Haya, Mungu amsamehe."

Nikamwambia.

Sikupanga kumwambia, yalitoka. Nilimwambia yote: msiba, mieleka, umeme. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amelala.

"Selotepu uliitoa wapi?"

"Kwenye bati lako la kushonea."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, bibi."

"Tisa ulikuwa mtoto. Na kumi na tisa? Na ishirini na tisa?"

Nikakosa la kusema. Akageuza uso ukutani. "Nimemwita mtu mwizi mbele za watu. Nimewazuia na wenzangu wasende kwake. Yuhai?"

"Alifariki mwaka 2011."

"Inna lillahi." Kimya tena. "Kaacha nani?"

Kaacha binti. Duka lipo pale pale, sasa wanatoa fotokopi na picha za pasipoti. Bibi akaniuliza shilingi 2,000 ya wakati ule ni ngapi sasa. Nikaanza kumpigia hesabu za mfumuko wa bei, akanikata: "Nani kakuomba darasa?" Akafungua pindo la kanga, akahesabu kwa vidole, akanipa elfu ishirini. Maagizo yalikuwa haya: nisiseme nimetumwa kutoa sadaka, niseme ni deni. Niseme nani aliyefanya. Na niseme mbele ya wateja.

Asubuhi yake nilikwenda. Nilizunguka mtaa mara mbili kwanza, siwafichi. Ndani kulikuwa na wanafunzi wawili wa skuli na bwana mmoja anayepiga picha ya pasipoti. Nikasema. Sauti ilinitetemeka kama siku ya kwanza redioni. Wanafunzi wakatazamana. Yule dada, sasa mama wa makamo, alizima mashine ya fotokopi ili anisikie vizuri.

"Baba alijua," akasema. "Kila mkanda akishausafisha alikuwa anaujaribu pale mwanzo, mpaka mlango utoke, ndiyo anaufunga kwenye gazeti. Huo wa Mother India niliujaribu mimi mwenyewe siku ile, nilikuwa namsaidia. Usiku akasema ni yule mtoto."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema bibi yako angekupiga." Akawasha tena mashine. "Wateja walipungua lakini. Hilo mwambie bibi, usimfiche."

Nilidhani atakataa zile pesa. Hakukataa. Alizihesabu, akavuta kitabu cha risiti, akaandika tarehe, jina la bibi, "mkanda 1, Mother India", shilingi 20,000, akagonga muhuri.

Nilimsomea bibi risiti ile mara mbili, na hilo la wateja nikamwambia kama nilivyoagizwa. Aliishika karatasi, akaipapasa pale penye muhuri, akaniuliza una picha gani. Nikamwambia hauna picha, ni maandishi tu, jina la duka na namba ya simu.

"Sasa asiyejua kusoma atajuaje yuko kwa nani?" akasema, akaifunga risiti kwenye pindo la kanga.